Charlotte na Raleigh: Nani Mkubwa North Carolina?

Jimbo la North Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, lina miji miwili inayokua kwa kasi na kuoneana wivu wa kimyakimya. Charlotte, mji wa mabenki, uko jirani na mpaka wa South Carolina. Raleigh, mji mkuu wa jimbo, uko kaskazini-mashariki ya hapo, mwendo wa kilomita zipatazo 270 kwa barabara. Anayeuliza upi kati yao ni mkubwa hupewa jibu la haraka: Charlotte. Sensa ya 2020 iliuhesabia watu 874,579, na Raleigh 467,665. Lakini sensa hiyohiyo iliikuta kaunti ya Wake, ambamo Raleigh imo, ikiwa na watu 1,129,410, ilhali Mecklenburg, kaunti ya Charlotte, ilikuwa na watu 1,115,482. Kwa kipimo cha mji Charlotte inashinda kwa mbali; kwa kipimo cha kaunti inashindwa. Kila upande hushika takwimu inayoupendeza, na takwimu zote mbili ni za kweli.

Mkanganyiko hauishii kwenye idadi ya watu. Wako wanaodhani Charlotte ndiyo mji mkuu wa jimbo, kwa sababu ndiyo yenye maghorofa marefu na timu ya soka la Kimarekani. Wako wanaoamini kuna mji uitwao Raleigh-Durham, kwa kuwa ndivyo uwanja wa ndege unavyoitwa. Na wako, hata miongoni mwa wenyeji, wanaouona ushindani huu kama mechi ambayo mmoja akipata mwingine lazima apoteze. Dhana hii ya mwisho ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi, maana ndiyo inayotawala mijadala ya bajeti, barabara na vyuo.

Mmoja wa biashara, mwingine wa azimio

Charlotte ilianzishwa mwaka 1768 na kupewa jina la Malkia Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, mke wa Mfalme George III wa Uingereza. Ilikuwa njia panda ya wafanyabiashara, na huenda ingebaki hivyo kama si dhahabu. Mwaka 1799 mtoto aitwaye Conrad Reed aliokota jiwe zito la rangi ya manjano kwenye kijito kilichopita shambani kwa baba yake, katika kaunti jirani ya Cabarrus. Familia ililitumia kuzuilia mlango kwa miaka kadhaa kabla ya kujua thamani yake. Wachimbaji walimiminika, na mwaka 1837 serikali ya shirikisho ikafungua Charlotte tawi la kiwanda cha sarafu, lililofanya kazi hadi mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Reli ya kutoka South Carolina ilifika mwaka 1852, na reli iliyojengwa kwa fedha za jimbo, ikipitia Raleigh na Greensboro, mwaka 1856. Baada ya vita, pamba na viwanda vya nguo vilichukua nafasi ya dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 tajiri wa tumbaku James B. Duke aliwekeza katika kufua umeme kwa maji ya mto Catawba ili kuviendesha viwanda hivyo.

Raleigh haikuzaliwa sokoni. Mwaka 1792 jimbo lilinunua ekari 1,000 kutoka kwa Joel Lane, likapima mitaa iliyonyooka, likatenga kiwanja cha katikati kwa ajili ya jengo la Bunge, na likaupa mji huo jina la Sir Walter Raleigh. Kwa zaidi ya karne moja na nusu ulibaki mji wa makarani, mawakili na wanafunzi. Kufikia mwaka 1950 ulikuwa na watu 65,679, chini ya nusu ya watu 134,042 wa Charlotte.

Kilichokuwa kikijengeka taratibu pembezoni mwa Raleigh ni elimu. Chuo Kikuu cha North Carolina kilifunguliwa Chapel Hill mwaka 1795. Raleigh yenyewe ilipata mwaka 1887 chuo cha kilimo na ufundi ambacho leo ni North Carolina State University. Huko Durham, fedha za familia ileile ya Duke zilikigeuza chuo kidogo cha Trinity kuwa Duke University mwaka 1924. Yaani utajiri wa tumbaku wa familia moja uliipa Charlotte umeme, na ukawapa majirani wa Raleigh chuo kikuu. Tofauti ya leo kati ya pande hizi mbili ilikwishaonekana hapo.

Namna Charlotte ilivyogeuka mji wa mabenki

Majimbo mengi ya Marekani yaliyazuia mabenki yake kufungua matawi nje ya mji au kaunti moja. North Carolina haikufanya hivyo; benki iliruhusiwa kutandaza matawi jimbo zima. Sheria hiyo, ambayo haikutungwa kwa kuifikiria Charlotte, ilizaa mabenki yaliyojua kuendesha mtandao wa matawi mapema kuliko wenzao. Mwaka 1960 benki ya Charlotte iliungana na benki ya Greensboro na kuunda North Carolina National Bank, iliyojulikana kwa kifupi kama NCNB.

Mwaka 1982 NCNB iligundua upenyo katika sheria za Florida, ikanunua benki ndogo ya Lake City na kuvuka mipaka ya jimbo lake wakati wengine bado wakidhani haiwezekani. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliridhia mikataba ya kikanda iliyoruhusu mabenki ya majimbo jirani kuingiliana huku yale ya New York yakizuiwa mlangoni. Kwa miaka michache iliyofuata mabenki ya Kusini yalikua kivulini, bila kuogopa kumezwa. Chini ya Hugh McColl, aliyeshika uongozi mwaka 1983, NCNB ilichukua benki kubwa iliyoanguka Texas mwaka 1988, ikageuka NationsBank mwaka 1991, na mwaka 1998 ikaungana na BankAmerica ya San Francisco. Benki iliyotokana na muungano huo ikachukua jina la Bank of America, na makao makuu yakawekwa Charlotte. Jirani yake, First Union, ilifuata njia hiyohiyo, na mwaka 2001 iliungana na Wachovia ya Winston-Salem ikachukua jina lake. Mwaka 2019 BB&T, nayo ya Winston-Salem, iliungana na SunTrust ya Atlanta na kuwa Truist; makao makuu yakaenda Charlotte.

Mtu akiifuata orodha hii kwa makini ataona jambo ambalo wapenzi wa ushindani wa Charlotte na Raleigh hulipita. Ndani ya jimbo, waliopoteza makao makuu ya mabenki kwa Charlotte hawakuwa Raleigh. Walikuwa Greensboro na Winston-Salem, miji ya katikati ya jimbo ambayo zamani ilikuwa na mabenki yake yenye nguvu.

Namna Raleigh ilivyogeuka mji wa utafiti

Katika miaka ya 1950 North Carolina ilitegemea tumbaku, nguo na samani, sekta tatu zenye mishahara midogo. Vyuo vyake vilifundisha vijana, kisha vijana hao wakaenda kutafuta kazi majimbo mengine. Wazo la kutenga eneo la maabara katikati ya vyuo vitatu lilivumishwa na mkandarasi wa Greensboro, Romeo Guest, na likapata nguvu lilipoungwa mkono na Gavana Luther Hodges. Uuzaji wa viwanja kibiashara ulipokwama, Archie Davis wa benki ya Wachovia alikusanya michango kwa matajiri wa jimbo na kulifanya shirika lisilo la faida. Research Triangle Park ilizaliwa rasmi mwaka 1959 kwenye msitu wa misonobari kati ya Raleigh, Durham na Chapel Hill.

Kwa miaka sita ya mwanzo lilikuwa jambo la kutia shaka. Mwaka 1965 IBM ilitangaza kuja, na serikali ya shirikisho ikaamua kuweka hapo taasisi yake ya utafiti wa afya ya mazingira. Baada ya hapo mlango haukufungwa. Kampuni ya programu ya SAS ilianzishwa mwaka 1976 na watu waliotoka North Carolina State, ikaweka makao Cary. Red Hat ilikulia Raleigh hadi IBM ilipoinunua kwa dola bilioni 34 mwaka 2019. Makampuni ya dawa na bayoteknolojia yakafuata wataalamu waliokuwa wakihitimu jirani.

Hivyo miji hii miwili ilikua kwa mitambo tofauti. Charlotte ilikua kwa makampuni yaliyomeza makampuni mengine. Raleigh ilikua kwa serikali kuwekeza katika elimu na kisha kusubiri kwa muda mrefu. Njia ya kwanza ina kasi lakini hutegemea watu wachache jasiri. Ya pili ni ya polepole, ila haiondoki na mtu akistaafu.

Kwa nini hesabu hazikubaliani

Sehemu kubwa ya ukubwa wa Charlotte kama mji ilitokana na sheria. Mwaka 1959 North Carolina iliipa miji yake uwezo wa kumeza vitongoji vinavyopakana nayo bila kuomba ridhaa ya wakazi wa huko. Charlotte iliutumia uwezo huo kwa hamu kubwa, hadi ikachukua zaidi ya nusu ya kaunti ya Mecklenburg, ambayo ni ndogo kwa eneo. Leo mji una takriban kilomita za mraba 800; Raleigh haifiki 400. Kwa msongamano wa watu miji hii haipishani sana. Kaunti ya Wake ni kubwa zaidi kwa eneo, na ndani yake imo miji inayojitegemea kama Cary, Apex na Holly Springs, ambayo Raleigh haiwezi kuimeza. Mwaka 2011 na 2012 Bunge la jimbo liliubana uwezo ule kwa kuwapa wakazi nafasi ya kukataa, na mchezo wa kukua kwa kupanua mipaka bila ridhaa ukafikia kikomo kwa wote.

Kisha kuna kipimo cha mkoa wa mji, yaani mji pamoja na maeneo ambayo watu wake huja mjini kufanya kazi. Sensa ya 2020 iliupa mkoa wa Charlotte watu wapatao milioni 2.66, wakiwemo wakazi wa kaunti za South Carolina, ambao hawapigi kura North Carolina. Mkoa wa Raleigh ulipata milioni 1.41. Pengo hilo linaonekana kubwa mpaka mtu akumbuke kwamba mwaka 2003 watakwimu wa serikali ya shirikisho waliitenga Raleigh na Durham kuwa mikoa miwili, kwa vigezo vya safari za kazini. Ukiirudishia Raleigh mkoa wa Durham na Chapel Hill, wenye watu karibu 650,000, inazidi milioni mbili. Charlotte ingali mbele, lakini si kwa mara mbili.

Hoja za upande wa Charlotte

Hoja ya kwanza ni uzito wa kiuchumi. Mbali na mabenki, Charlotte ni makao makuu ya Duke Energy, kampuni ya chuma ya Nucor, na Honeywell iliyohamia kutoka New Jersey. Makao makuu huleta mawakili, wakaguzi wa hesabu, wafadhili wa makumbusho na wajumbe wa bodi, watu ambao tawi la kawaida la kampuni haliwahitaji.

Ya pili ni uwanja wa ndege. Charlotte Douglas ni kitovu kikubwa cha American Airlines, urithi ulioanzia kwa Piedmont Airlines ya Winston-Salem na kupita mikononi mwa US Airways. Abiria wengi hapo hubadilisha ndege tu na hawaukanyagi mji. Hata hivyo, kupita kwao ndiko kunakompa mkazi wa Charlotte safari za moja kwa moja ambazo mji wa ukubwa huo usingezipata wenyewe. Gharama yake ni kuwa shirika moja linatawala uwanja, na mwenye kutawala ndiye anayepanga nauli. Raleigh-Durham ilikuwa na kitovu cha American tangu 1987, kikafungwa mwaka 1995. Leo inahudumiwa na mashirika mengi yanayogombania abiria, na idadi ya miji inayofikika moja kwa moja ni ndogo zaidi. Upi ni bora inategemea kama msafiri anajali saa zake au mfuko wake.

Ya tatu ni usafiri wa mjini. Baada ya wapiga kura kukubali nusu senti ya kodi ya mauzo mwaka 1998, Charlotte ilifungua reli nyepesi mwaka 2007, ikairefusha hadi chuo kikuu mwaka 2018. Raleigh haina reli ya aina hiyo.

Udhaifu wa Charlotte ulijitokeza mwaka 2008. Wachovia, iliyokuwa imebeba mikopo mibaya ya nyumba, ilianguka na kununuliwa na Wells Fargo ya San Francisco. Kwa majuma kadhaa mji uliokuwa na makao makuu mawili ya mabenki makubwa haukujua kama utabakiwa hata na moja. Wells Fargo iliacha maelfu ya wafanyakazi Charlotte na mji ukasimama tena, lakini somo la kutegemea sekta moja lilikuwa ghali. Udhaifu wa pili ni elimu ya juu. Chuo cha Charlotte kiliingizwa katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo mwaka 1965 tu, miaka 170 baada ya Chapel Hill kufungua milango. Hadi mwaka 2025, Chuo cha Tiba cha Wake Forest kilipofungua kampasi yake Charlotte, mji huo ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa zaidi ya Marekani isiyo na mafunzo kamili ya udaktari ya miaka minne.

Hoja za upande wa Raleigh

Raleigh ina ajira ambazo hazifilisiki kirahisi: serikali ya jimbo, vyuo vikuu, hospitali za kufundishia na maabara za shirikisho. Misukosuko ya masoko ya fedha huigusa, ila haiing'oi. Wakazi wake wana wastani wa juu wa elimu, na makampuni ya teknolojia huja kwa sababu hiyo. Kwa ukuaji pia Raleigh haiko nyuma sana. Makisio ya mwaka 2024 yaliiweka karibu na watu 500,000, na Charlotte juu kidogo ya 940,000.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kile kinachoitwa nguvu ya Raleigh si mali ya Raleigh peke yake. Research Triangle Park iko zaidi katika kaunti ya Durham. Duke University ni ya Durham, na chuo kikuu maarufu zaidi cha jimbo kiko Chapel Hill, kaunti ya tatu. Kila mmoja ana bodi yake na fahari yake, na uamuzi wa mmoja unaweza kukwamisha wote. Mfano hauhitaji kutafutwa mbali: mradi wa reli nyepesi kati ya Durham na Chapel Hill ulikufa mwaka 2019 baada ya Duke University kukataa kutia saini makubaliano, wakati zaidi ya dola milioni 100 zilikwishatumika.

Eneo lenyewe la utafiti lilibuniwa kwa ajili ya magari. Kwa miongo mingi halikuwa na nyumba za kuishi wala maduka. Mtu aliingia asubuhi, akaegesha, akatoka jioni. Mtindo huo, uliovutia mwaka 1965, umekuwa mzigo kwa kizazi kinachotaka kutembea kwa miguu hadi kazini. Zaidi ya hayo, ahadi za makampuni makubwa hazitekelezwi zote. Apple ilitangaza mwaka 2021 kampasi ya dola bilioni moja na ajira 3,000. Mwaka 2024 ikausogeza mbele mradi huo.

Muungano wa kampuni za umeme, 2012

Mara nyingi ushindani wa miji hii ni maneno tu. Mwaka 2012 ulikuwa vita halisi. Duke Energy ya Charlotte ilikuwa imekubaliana kuungana na Progress Energy ya Raleigh. Masharti yaliyotangazwa yalikuwa kama mahari yaliyogawanywa kwa heshima: makao makuu yangekuwa Charlotte, lakini mkurugenzi mkuu angekuwa Bill Johnson wa Progress, na Jim Rogers wa Duke angekuwa mwenyekiti. Kwa Raleigh, kupoteza makao makuu ya kampuni yake kubwa kuliko zote kulifidiwa na kumpeleka mtu wake kwenye usukani.

Mapema Julai muungano ulikamilika, na saa chache baadaye bodi mpya, iliyokuwa na wajumbe wengi kutoka Duke, ikamwondoa Johnson na kumrudisha Rogers. Raleigh ilijiona imetapeliwa. Tume ya jimbo inayosimamia huduma za umeme, yenye makao yake Raleigh, iliwaita wakuu wa kampuni kujieleza hadharani, na mwishoni mwa mwaka suluhu ilifikiwa iliyomtaka Rogers astaafu kabla ya mwisho wa 2013.

Kisa hiki kinaonyesha nguvu za pande mbili kwa uwazi kuliko takwimu yoyote. Charlotte ilishinda katika chumba cha bodi. Raleigh ikajibu kwa silaha pekee iliyo nayo, yaani taasisi za dola. Makao makuu hayakurudi.

Mwamuzi wa tatu: Bunge la jimbo

Kwa sheria za North Carolina, miji ina mamlaka yale tu iliyopewa na Bunge la jimbo. Charlotte haiwezi kuongeza kodi ya usafiri bila Bunge hilo kuruhusu kwanza kura ya maoni. Ruhusa ya nyongeza ya senti moja ilipatikana mwaka 2025, na wapiga kura wa Mecklenburg wakaipitisha kwa kura si nyingi Novemba ya mwaka huo. Mwaka 2013 Bunge lilijaribu kuunyang'anya mji uwanja wake wa ndege na kuukabidhi chombo cha kikanda, mahakama ikazuia. Wanasiasa wa maeneo mengine hukejeli majivuno ya Charlotte kwa kuiita "Dola Kuu ya Mecklenburg". Kejeli hiyo ina matokeo kwenye masanduku ya kura. Harvey Gantt, meya wa zamani wa Charlotte, alishindwa mara mbili kuwa seneta, 1990 na 1996. Richard Vinroot, naye aliyewahi kuwa meya wa mji huo, alishindwa ugavana mwaka 2000. Meya mwingine, Pat McCrory, alishindwa ugavana mwaka 2008, akashinda mwaka 2012, akaangushwa mwaka 2016.

Wakazi wengi wa Charlotte husema "Raleigh" wakimaanisha Bunge, na hapo kosa huingia. Wabunge hukutana Raleigh, lakini hawachaguliwi na Raleigh. Jimbo lina kaunti 100, na nyingi ni za mashambani na miji midogo. Tangu mwaka 2011 Bunge limeongozwa na chama cha Republican, wakati Wake na Mecklenburg zote mbili hupigia kura Democratic. Wake nayo imeonja shoka hilohilo: Bunge lilichora upya maeneo ya uchaguzi ya bodi ya shule na ya makamishna wa kaunti hiyo, hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho ikayabatilisha mwaka 2016.

Mwaka huohuo ulileta mfano mwingine. Februari, baraza la mji wa Charlotte lilipitisha kanuni ya kupinga ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia. Machi, Bunge liliifuta kwa sheria iliyojulikana kama HB2, na McCrory, meya wa zamani wa mji huohuo, akatia saini. PayPal ikafuta mpango wa ajira 400 Charlotte, na ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ikauhamishia New Orleans mchezo wake wa nyota wa 2017. Lakini Deutsche Bank nayo ilisimamisha ajira 250 ilizokuwa imezipanga Cary, ndani ya Wake. Hasara ilizipata kaunti zote mbili, na wala hakuna aliyeweza kudai kuwa amefaidika na msiba wa mwenzake.

Wasioguswa na neema

Watetezi wa kila mji huzungumzia wageni wanaohamia, mara chache huzungumzia waliozaliwa hapo. Mwaka 2014 utafiti wa timu ya mwanauchumi Raj Chetty ulilinganisha maeneo 50 makubwa ya Marekani kwa nafasi ya mtoto wa familia maskini kufika tabaka la juu la kipato. Charlotte ilishika mkia: nafasi hiyo ilikuwa asilimia 4.4. Raleigh ilikuwa asilimia 5, nayo katika kumi za mwisho. Tofauti ya mabenki na maabara haikuwa na maana yoyote kwa watoto hao.

Sababu zinafanana: makazi yaliyotengana kwa rangi na kipato, na usafiri wa umma usiofika kwenye ajira. Shule ndizo zilizochukua njia tofauti. Charlotte ndiyo iliyozaa hukumu maarufu ya Swann ya mwaka 1971, iliyoruhusu watoto kusafirishwa kwa mabasi ili shule zichanganyike. Mpango huo uliachwa mwanzoni mwa karne hii na shule zikaanza kutengana tena. Wake iliunganisha shule za mji na za kaunti mwaka 1976, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2000 ilichanganya wanafunzi kwa kigezo cha kipato, hadi siasa za vitongoji zilipolivunja jambo hilo. Wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, wamepewa makazi katika miji ya jimbo hili, na wanaikuta hali hiyohiyo: kazi zipo, ila kodi ya nyumba iliyo karibu na kazi haishikiki.

Mizani

Yakipimwa yote, ushindani wa Charlotte na Raleigh una uhalisi mdogo kuliko kelele zake. Kwa sehemu kubwa ya historia yao miji hii haikugombania kitu kimoja. Wahitimu wa Chapel Hill na North Carolina State ndio wanaojaza ofisi za mabenki ya Charlotte, na mabenki hayo hulipa kodi zinazosaidia kuviendesha vyuo hivyo. Mahali ambapo masilahi yao yanagongana kweli ni pachache: fedha za barabara, nafasi za vyuo, na mara mojamoja makao makuu ya kampuni. Katika hayo mwenye uamuzi ni Bunge ambalo hakuna kati yao anayelimiliki, na kugawanyika kwao humrahisishia kazi mbunge yeyote asiyeitakia mema miji mikubwa.

Hali hiyo inaanza kubadilika, kwa kuwa kila mmoja sasa anaingia uwanja wa mwenzake. Charlotte ina chuo cha tiba. Raleigh ina First Citizens, benki iliyonunua sehemu kubwa ya Silicon Valley Bank ilipoanguka Machi 2023. Miaka ijayo inaweza kuleta mashindano ya kweli zaidi kuliko yaliyotangulia.

Kwa uimara wa msingi, Raleigh iko mbele. Uchumi wake haujawahi kuning'inia kwenye uamuzi wa bodi mbili kama ule wa Charlotte mwaka 2008. Kwa uzito na uwezo wa kuamua mambo yake kama mji mmoja, Charlotte haijapata mpinzani. Mpaka Raleigh, Durham na Chapel Hill ziwe na chombo kimoja kinachoweza kuamua na kujenga bila kungoja idhini ya kila kaunti na kila chuo, Charlotte itabaki mji wa kwanza wa North Carolina, hata kama Wake itaendelea kuwa kaunti yenye watu wengi kuliko zote.